Chama hakutoroka, mkataba uliisha

"Wakili, nyie ndio mnaotuharibia timu."

Aliyeniambia hivyo ni bodaboda wangu wa asubuhi, kijana mstaarabu ambaye siku nyingine hunitoa Tabata mpaka mjini bila neno. Siku hiyo kiungo wa timu yake alikuwa ametambulishwa kwa watani, yaani Simba na Yanga, klabu mbili hasimu za Dar es Salaam, mmoja kamchukulia mwenzake, na yeye anajua kazi yangu ni mikataba ya wachezaji. Nikamuuliza: mkataba wa huyo kiungo ulikuwa unaisha lini? Hajui. Aliombwa lini kuongeza? Hajui. Ila kwamba ni msaliti, hilo alikuwa nalo tayari kabla sijavaa helmeti.

Kauli hiyo nimeisikia saluni, nimeisikia msibani, na mwaka huu nimeisikia kwa mzazi wa mchezaji ninayemtetea mwenyewe. Basi leo naandika, na atakayeniuliza tena nitamtumia linki. Timu yangu sitaitaja. Nina wateja pande zote mbili, na kodi ya ofisi hailipwi kwa ushabiki.

"Mkataba umeisha, kahamia kwa watani: katusaliti"

Turudi Julai 2024. Clatous Chama, Mzambia aliyefika Simba mwaka 2018, anatambulishwa Yanga. Msimbazi, nyumbani kwa Simba, pakawa matanga. Watu wakakumbuka bao lake la dakika za mwisho dhidi ya AS Vita ya Kongo, Machi 2019, lililoipeleka Simba robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, wakaulizana: mtu wa bao lile anawezaje kuvaa njano ya Yanga?

Anaweza kwa sababu mkataba wake uliisha. Mkataba ukiisha, klabu haina tena mchezaji wa jina hilo. Kuna raia wa Zambia, mwenye viatu vyake mkononi, anatafuta kazi.

Kinachonichosha si hasira ya shabiki, hasira naielewa. Kinachonichosha ni kusahau. Agosti 2021 Simba hiyohiyo ilimuuza Chama kwa RS Berkane ya Morocco, na dirisha hilohilo Luis Miquissone akaenda Al Ahly. Sikusikia mtu akisema klabu imemsaliti Chama. Nilisikia uongozi ukisifiwa kwamba umepiga biashara. Chama akarudi Januari 2022, akapokewa kama mtoto aliyetoka masomoni. Kumbe klabu ikimuuza ni biashara, yeye akienda kwa miguu yake ni dhambi.

Na hizi "thank you" mnazozishangilia kila msimu ukiisha? Klabu inaweka picha ya mchezaji, maneno mawili tu, na mtu hana kazi. Mwingine ana goti lililofungwa bandeji, aliloumia akiitumikia klabu hiyo. Chini ya picha mashabiki wanaandika "afadhali, tupumue". Mpaka leo sijasoma maoni ya shabiki anayesema uongozi hauna uaminifu kwa kumpa mtu thank you akiwa majeruhi.

Mchezaji hakuwa na haki hii tangu mwanzo. Mkataba wa Jean-Marc Bosman na RFC Liège ya Ubelgiji ulikwisha, Dunkerque ya Ufaransa ikamtaka, lakini Liège ikaendelea kumshika kwa ada ya uhamisho. Mtu hana mkataba, na bado ana bei! Alihangaika mahakamani miaka mitano, mpaka tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliposema klabu haiwezi kudai ada kwa mchezaji aliyemaliza mkataba anayehamia nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya. Leo kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusaini na klabu nyingine mkataba wake wa sasa ukibakiza miezi sita au pungufu. Mkataba unaokwisha tarehe 30 Juni, hesabu yako inaanza Januari. Usajili uliokushtua Julai huenda ulikwisha kusainiwa wewe ukiwa bado unalipa ada za shule.

Sasa swali ambalo bodaboda wangu angepaswa kuwauliza viongozi wake: kwa nini mnawapa watu mikataba ya miaka miwili? FIFA inaruhusu mpaka miaka 5, na kwa aliye chini ya miaka 18 mwisho ni 3. Jibu nalijua, maana huwa nakaa meza hiyohiyo. Klabu inaogopa kulipa mshahara wa miaka mitano kwa mtu ambaye pengine ataumia au atashuka kiwango, na pesa ya usajili ya miaka miwili ni ndogo. Ni uamuzi wa mfanyabiashara, siulaumu. Lakini mlango ulioachwa wazi ili umtoe mtu kirahisi, naye anaweza kuutumia.

Ushauri wangu kwa viongozi ni uleule, na wamechoka kuusikia: mchezaji mnayemtaka, mwiteni mezani akiwa amebakiza mwaka mzima. Ikifika Desemba mmechelewa. Ikifika Mei mnatafuta picha ya thank you tu.

Wapo wanaosema, "Sawa, lakini sisi ndio tuliomlea." Kama kweli mlimlea, kanuni zimewawekea fungu. Mchezaji akiuzwa kimataifa kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu alizochezea tangu msimu wa kutimiza miaka 12 hadi ule wa kutimiza 23: asilimia 0.25 kwa kila msimu mpaka wa miaka 15, kisha 0.5 kwa kila msimu unaofuata. Mbwana Samatta alipouzwa na Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, hesabu hiyo ilirudi nyuma mpaka Mbagala, alikoanzia soka. Katika kila dola milioni 1 ya ada, msimu mmoja wa kijana wa miaka 18 ni dola 5,000. Kwa klabu ya mtaani hiyo ni mipira, jezi na nauli za msimu. Sharti ni kumbukumbu za usajili ziwepo, na hapo ndipo klabu zetu nyingi huanza kutafuta daftari lililoliwa na mchwa. Na mchezaji akiondoka bure, asilimia 5 ya sifuri mnaijua.

"Nikirudisha pesa ya usajili, nimemalizana nao"

Hii ni ya wachezaji wenyewe, wanaodhani kurudisha pesa waliyopewa wakati wa kusaini kunavunja mkataba, na kesi yake nchi nzima iliifuata. Desemba 2022 Feisal Salum, Fei Toto, aliirudishia Yanga shilingi milioni 112: milioni 100 za usajili na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Yeye akahesabu yameisha. Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho la soka nchini, ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Akakaa nje ya uwanja miezi, suala likafika mpaka kwa Rais Samia, aliyeiomba Yanga hadharani ilimalize, na Juni 2023 klabu mbili zikakubaliana, akaenda Azam.

Mkataba wa mchezaji si kiti ulichokodi harusini, ukirudisha unapewa amana yako. Unaisha kwa muda wake, kwa pande mbili kukubaliana, au kwa sababu ya haki. Nje ya hapo kuna fidia, na ukivunja ndani ya kipindi cha ulinzi, ambacho ni misimu mitatu kwa aliyesaini kabla ya miaka 28, kuna na kufungiwa. Kabla ya kwenda benki, njoo na mkataba tuusome. Na uje nao wenyewe. Picha ya ukurasa wa kwanza uliyopiga kwa simu, kidole chako kikiwa kimefunika tarehe, hainisaidii.

"Hawajanilipa, nimeondoka zangu"

Hapa haki ipo, watu wanaipoteza kwa hasira. Klabu ikikosa kukulipa angalau mishahara miwili, kanuni zinakupa sababu ya haki kuvunja mkataba, ila kwanza uiandikie klabu na kuipa siku 15 za kulipa. Mteja wangu mmoja alikuwa anadai miezi minne. Alichofanya ni kuzima simu na kupanda basi kwenda kwa mama yake Tabora. Klabu, ambayo sitaitaja, ikamwandikia yeye barua ya utoro kambini. Mdai akageuka mshtakiwa, na tulihangaika karibu mwaka kurudisha mambo mahali pake. Barua moja, jamani. Nusu ukurasa, tarehe, kiasi unachodai, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

"Zamani walicheza kwa mapenzi"

Wazee wangu, shikamooni. Pamba ya Mwanza iliitwa Pamba kwa sababu ya zao, Reli ya Morogoro kwa sababu ya shirika, Sigara kwa sababu ya kiwanda, na Bandari hata sihitaji kueleza. Mchezaji hodari alipata ajira, na ajira ilikuja na mshahara wa mwezi na pengine nyumba ya shirika. Mapenzi yalikuwepo, sikatai, lakini mpishi wa mapenzi hayo alilipwa na idara ya utumishi. Na kuvuka kwenda kwa watani hakukuanza na Chama: Kelvin Yondani alitoka Simba kwenda Yanga mwaka 2012, Haruna Niyonzima akaenda kinyume chake 2017, Ibrahim Ajibu alivuka mwaka huohuo kisha akarudi Simba 2019. Maisha yakaendelea.

"Viingilio vyetu ndivyo vinavyowalipa"

Tupige hesabu. Uwanja wa Mkapa unaingiza watu 60,000. Ukiujaza wote kwa kiingilio cha mzunguko, yaani viti vya bei ya chini, cha 5,000 unapata shilingi milioni 300, kabla ya kodi, kabla ya gharama za uwanja na za mchezo, na kujaa kwenyewe ni siku ya dabi au usiku wa mashindano ya Afrika. Mechi nyingine za ligi mnazijua wenyewe, mnaziangalia nyumbani. Haki za televisheni za Ligi Kuu ambazo Azam Media ilizinunua mwaka 2021 ni shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Halafu kuna vifua vya jezi, ambako kampuni za kubashiri zimekaa tangu SportPesa ilipoingia Simba na Yanga kwa pamoja mwaka 2017. Nilipomweleza bodaboda wangu hili, alinyamaza mpaka Buguruni. Kisha akasema, basi yeye mshahara wa yule kiungo ameuchangia sana, maana mikeka yake ya kubashiri ya msimu mzima ilichanika.