Kwa nini mtihani usiojua rangi ya mtoto uliishia na watoto weusi 7 kati ya 895?

Mwaka 2019 shule ya Stuyvesant, sekondari ya umma isiyotoza ada huko Manhattan, New York, ilitoa nafasi 895 za kuanza darasa la tisa. Wenye asili ya Asia walipata 587, Walatino 33, weusi 7. Wakati huohuo, ukijumlisha weusi na Walatino, walikuwa karibu theluthi mbili ya wanafunzi wote wa shule za umma za jiji hilo. Mwaka 2023 weusi walikuwa tena 7, safari hii kati ya 762.

Nafasi hizo haziombwi kwa barua ya mwalimu mkuu, wala hakuna usaili. Hakuna hata msahihishaji wa kusoma jina la mtu, maana kazi hiyo ni ya mashine. Sasa rangi inapenya wapi?

Inapenya mahali ambapo wengi hawapaangalii. Watu hubishana kama mtihani ni mgumu au mwepesi, kama una upendeleo au hauna. Kinachoamua zaidi ni swali jingine kabisa: mtoto huyu anashindanishwa na nani?

New York ina shule nane za aina hii zinazoingiwa kwa mtihani mmoja tu, uitwao SHSAT. Maarufu ni tatu: Stuyvesant, Bronx Science na Brooklyn Tech. Ya tisa, LaGuardia, ni ya sanaa na ina utaratibu wake. Mtihani hufanywa mwanzoni mwa darasa la nane na watoto zaidi ya 25,000 kila mwaka, wakigombea nafasi kama 4,000. Matokeo ya darasani hayahesabiwi, hata mtoto awe wa kwanza shuleni kwake tangu darasa la kwanza. Kwa Marekani hilo ni jambo la ajabu kidogo, kwa sababu sehemu nyingine zenye shule za mchujo huchanganya mtihani na alama za darasani.

Nafasi hugawiwa hivi. Kabla ya matokeo, mtoto huorodhesha shule kwa kufuata anavyozipenda. Kompyuta huwapanga watoto wote wa jiji katika foleni moja, kuanzia mwenye alama nyingi kabisa. Wa kwanza hupewa chaguo lake la kwanza, wa pili naye vivyo hivyo, mpaka afikiwe mtoto ambaye shule aliyoitanguliza imejaa. Huyo hutazamiwa chaguo la pili, kisha la tatu. Hakuna mtu anayekaa ofisini na kupanga alama ya kukatia. Alama hiyo ni ile aliyopata mtoto wa mwisho kuingia, ijulikane baadaye. Kwa Stuyvesant, miaka ya karibuni imekuwa ikizunguka 560.

Wazazi hukosea sana hapo. Kuna anayeandika Stuyvesant peke yake. Mwanawe akipungukiwa alama tano hapewi kitu, ilhali Bronx Science ingemchukua. Kuna na anayeogopa kuitanguliza shule kubwa akidhani ataadhibiwa akiikosa. Hakuna adhabu. Foleni hufuata alama kwanza, chaguo baadaye, kwa hiyo njia ya busara ni kuandika shule unazozitaka kwa dhati, tena orodha ndefu.

Mtihani wenyewe nao una siri yake. Kwa muundo wa karatasi ulioanza 2017 na kudumu hadi ulipohamia kwenye kompyuta mwaka 2025, ulikuwa na maswali 114 kwa dakika 180: 57 ya Kiingereza na 57 ya hisabati. Kila upande ulikuwa na maswali 10 ya majaribio yasiyohesabiwa, na mtahiniwa hakuambiwa ni yapi. Jibu baya halikupunguza alama, kwa hiyo kuacha swali wazi kulikuwa ni kujinyima bure.

Kubwa zaidi ni namna majibu sahihi yalivyogeuzwa kuwa alama. Kipimo hakikupanda kwa hatua zilizo sawa. Katikati, swali moja sahihi liliongeza alama chache; karibu na kilele, swali lilelile moja liliongeza nyingi zaidi. Chukua watoto wawili. Mmoja amepata 46 kati ya 47 za hisabati na 34 za Kiingereza. Mwenzake amepata 40 na 40. Wote wana majibu sahihi 80, lakini yule wa kwanza kwa kawaida hutoka juu. Walimu wa tuisheni wanalijua hilo vizuri sana, na humsukuma mtoto apige upande wake wenye nguvu hadi juu kabisa. Mtoto asiye na mtu wa kumwambia hutumia miezi yake akiziba udhaifu, kama shule inavyomfundisha, na kipimo hakimlipi ipasavyo.

Turudi nyuma ya siku ya mtihani, maana foleni ile huanza kupangwa mapema sana. Kuanzia 2008 jiji lilitumia mtihani mmoja wenye alama moja ya kukatia kuwachagua watoto wa madarasa ya vipaji, wengine wakiwa na miaka minne tu. Nia ilikuwa haki: kipimo kimoja kwa wote. Baadhi ya wilaya za Bronx na Brooklyn zikakosa watoto wa kutosha hata kufungua darasa moja. Wale walioingia wakiwa na miaka minne wakasoma hisabati ya mbele, wakapata sekondari za chini zilizozoea kupeleka watu SHSAT, na walipofika darasa la nane walikuwa wameshasikia habari za mtihani huo miaka mingi. Kwingineko mshauri wa shule anahudumia mamia ya wanafunzi, na mtoto hodari wa hesabu anaweza kumaliza darasa la nane bila kujiandikisha, kwa sababu tu hakuna aliyemtajia.

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, weusi na Walatino ndio waliokuwa wengi Brooklyn Tech, tena kwa mtihani. Watu wa enzi hizo hutaja madarasa ya mkondo wa juu yaliyokuwa ndani ya shule za kawaida za mitaa ya weusi, ambayo baadaye yalififia, huku biashara ya tuisheni ikipanuka.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu hadithi rahisi ya matajiri kununua nafasi haikai sawa. Karibu nusu ya wanafunzi wa shule hizi hutoka katika familia za kipato cha chini kiasi cha kustahili msaada wa chakula shuleni. Wengi ni watoto wa wahamiaji kutoka China na Bangladesh. Baba yuko jikoni mgahawani au anaendesha teksi, na hela ya tuisheni ya Jumamosi katika mitaa ya wahamiaji kama Flushing au Sunset Park hukatwa kwenye pango na chakula. Mzazi wa namna hiyo akiambiwa kwamba mtihani unafutwa kwa ajili ya haki, husikia kwamba ngazi pekee aliyoielewa inaondolewa ukutani. Hana Kiingereza cha kumwandikia mtoto insha ya kujieleza, wala hamjui mtu wa kumpigia simu. Mtihani anaujua, kwa kuwa hata kwao mambo yaliamuliwa kwa mtihani. Malalamiko yake si ya kupuuzwa, hata kwa anayeamini, kama tunavyoamini sisi, kwamba foleni moja ya jiji zima ni njia mbovu ya kugawa mali ya umma.

Kuibadili foleni hiyo si kazi ya meya peke yake. Sheria ya jimbo ya mwaka 1971, Hecht-Calandra, ilipitishwa baada ya hoja kuanza kusikika kwamba mtihani unawafungia nje weusi na Wapuerto Rico. Iliamuru kuwa shule zile tatu kubwa ziingiwe kwa mtihani wa ushindani tu. Sheria hiyohiyo iliacha mlango mdogo, mpango wa Discovery: mtoto wa familia maskini aliyekosa kwa alama chache husoma wakati wa likizo ya kiangazi, akifaulu anaingia. Mwaka 2018 meya Bill de Blasio aliupanua hadi asilimia 20 ya nafasi na kuuelekeza kwa watoto kutoka shule zenye umaskini mwingi. Wazazi wenye asili ya Asia walikwenda mahakamani. Upanuzi wenyewe haukubadili sura ya Stuyvesant kwa kiasi kilichotarajiwa, na sababu iko wazi ukitazama foleni: mlango umewekwa hatua moja chini ya mstari, na waliosimama hapo ni majirani wa wale waliopita.

Pendekezo jingine la de Blasio lilikuwa zito zaidi: mtihani ufutwe, na kila sekondari ya chini itoe wanafunzi wake bora, asilimia 7. Makadirio yalionyesha weusi na Walatino wakipata karibu asilimia 45 ya nafasi. Bunge la jimbo, Albany, liliacha pendekezo lianguke mwaka 2019. Wapinzani walikuwa na hoja moja ya kweli: wa kwanza katika shule dhaifu anaweza kuwa hajafundishwa hesabu zinazohitajika siku ya kwanza Stuyvesant, na pendekezo halikueleza vya kutosha nani angelipia kuziba pengo hilo.

Jimbo la Virginia walithubutu. Shule ya Thomas Jefferson, kaunti ya Fairfax, ni ya sayansi na teknolojia. Mwishoni mwa 2020 bodi ilifuta mtihani pamoja na ada ya maombi ya dola 100, ikaongeza nafasi kutoka 480 hadi 550, na kuihakikishia kila sekondari ya chini nafasi sawa na asilimia 1.5 ya darasa lake la nane. Mwombaji lazima awe na wastani wa alama za darasani usiopungua 3.5 kati ya 4 na awe anasoma aljebra ya kiwango cha juu. Zaidi ya hapo kuna insha, na huangaliwa kama familia ni ya kipato cha chini au kama mtoto bado anajifunza Kiingereza. Wanaosoma maombi hawaambiwi jina wala rangi. Msimu wa kwanza weusi walitoka asilimia 1 hadi 7, Walatino 3 hadi 11, wa kipato cha chini kutoka takriban 1 hadi 25. Wenye asili ya Asia walishuka kutoka 73 hadi 54, wakabaki wengi kuliko wote. Jambo ambalo halitajwi sana: kati yao, waliotoka familia maskini waliongezeka kutoka mmoja hadi 51.

Anayeumia kwa mtindo huu ni mtoto wa shule iliyojaa watoto hodari. Akiwa wa ishirini pale, huenda ni hodari kuliko wa kwanza wa shule ya jirani, lakini amebanwa na wenzake. Msomaji wa Kenya analijua jambo hili tangu enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, nafasi za shule za kitaifa zilipogawiwa kwa mgawo wa wilaya, na mtoto wa Nairobi akaweza kukosa shule aliyoipata wa Turkana mwenye alama chache kuliko zake.

Chicago wao waligawa mitaa. Hadi 2009 walikuwa chini ya makubaliano ya mahakama yaliyoruhusu kutazama rangi moja kwa moja. Yalipofikia mwisho, jiji likapangwa katika ngazi nne kwa takwimu za sensa: mapato ya familia, elimu ya watu wazima, umiliki wa nyumba, familia za mzazi mmoja, lugha ya nyumbani, pamoja na ufaulu wa shule za mtaa. Asilimia 30 ya nafasi hufuata alama tu, jiji zima. Asilimia 70 zinazobaki hugawiwa sawa kwa ngazi zote, na watoto hushindana na wa ngazi yao. Piga hesabu ya shule yenye nafasi 200: 60 ni za foleni ya jumla, na kila ngazi ina 35. Kama zile 60 zote zikichukuliwa na ngazi ya nne, yenye uwezo, wao peke yao wana 95, karibu nusu, kabla hujauliza chochote. Tena ngazi hupima mtaa, haipimi familia. Mtaa wa ngazi ya kwanza ukianza kuvutia wenye hela, mtoto wa daktari aliyehamia juzi hushindana na watoto wa wapangaji waliozaliwa pale, na huwashinda. Baada ya 2009 weusi walipungua katika shule za juu kabisa kama Walter Payton.

Kwa nini basi wasihesabu rangi yenyewe, wamalize ubishi? Hawawezi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilizuia shule za umma kumgawia mtoto mmoja mmoja nafasi kwa rangi mwaka 2007, na mwaka 2023 ikaufunga mlango huo kwa vyuo vikuu pia. Kilichobaki ni vipimo vya pembeni: shule utokayo, mtaa, kipato. Kesi iliyofunguliwa dhidi ya bodi ile ya Virginia ilijaribu kuvifunga hata vipimo hivyo, kwa hoja kwamba bodi ilivichagua ikijua vitapunguza wenye asili ya Asia. Mahakama ya rufaa iliikataa hoja hiyo Mei 2023, na Februari 2024 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi, majaji Alito na Thomas wakipinga uamuzi huo wa kutoisikiliza.

Na yule aliyekosa kwa swali moja, je? Wachumi watatu waliochapisha utafiti wao mwaka 2014 waliwafuatilia watoto wa New York na Boston waliokuwa pande mbili za mstari: waliovuka kwa alama chache na waliokosa kwa chache. Walipolinganisha alama zao za mitihani ya miaka iliyofuata, tofauti ilikuwa ndogo mno hata haikuonekana.