Maadili si somo la kujazia ratiba ya uhandisi

Wanafunzi wengi wa uhandisi huamini kwamba hesabu zikitoka sawa, kazi imekwisha. Maadili ni porojo tu. Sivyo. Mwaka 1981, vijia vilivyoning'inia juu ya ukumbi wa hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, Marekani, viliporomoka na kuua watu 114. Mchoro wa awali ulikuwa na fito ndefu za chuma kutoka darini, zilizobeba kwa pamoja vijia viwili, kimoja chini ya kingine. Zikabadilishwa kuwa fupi, mbili mbili, kijia cha chini kikaning'inia kwenye kile cha juu, na mzigo kwenye nati za kijia cha juu ukawa maradufu. Kuukokotoa ni kazi ya mwaka wa kwanza, tena nyepesi! Kilichokosekana ni mtu wa kusema, “Subirini, nikague kwanza.” Uendelevu, yaani kujenga bila kuharibu mazingira ya kesho, nao ni vivyo hivyo: anayechagua saruji anachagua pia hewa chafu itakayotoka tanurini, hata kama mtihani haukumuuliza.