Je, wajua kwa nini choroko huingia kwenye kachumbari bila kupikwa, na maharage hayawezi?

Majani yanapoanza kupukutika huko Ulaya, watu wengi hutengeneza saladi isiyopita jikoni: tufaha, peasi, punje za komamanga, na juu yake dengu au maharage. Ukiiona utadhani dengu zile ni mbichi. Sivyo. Zimetoka kwenye kopo, na kopo hupikwa kiwandani kwa joto la nyuzi 120 hivi. Moto ulishawaka, ila haukuwaka nyumbani.

Sisi wa Tanga tunanunua maharage makavu, ya kupimiwa, na hapo ndipo penye hatari kwa anayetaka kuiga. Maharage mabichi, hasa yale mekundu, yana protini iitwayo lektini. Ikifika tumboni hung'ang'ania kuta za utumbo, na baada ya saa 1 hadi 3 mtu hutapika, kisha huharisha. Punje 4 au 5 zinatosha kumwangusha mtu mzima. Kuloweka peke yake hakusaidii. Yaloweke angalau saa 5, mwaga maji yale, weka mengine, uyachemshe yatokote dakika 10 nzima, ndipo uendelee mpaka yaive. Moto wa chini usiofikia kutokota ni mbaya zaidi, kwani sumu yaweza kuzidi ya maharage mabichi.

Choroko hazina shida hiyo. Lektini yake ni kidogo, tena hatuzili kavu: tunaziotesha kwanza. Loweka usiku kucha, chuja, zifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, suuza asubuhi na jioni. Kwa joto letu la pwani, siku ya pili vimkia vyeupe vimeshatoka. Punje ikiamka hivyo huanza kula akiba yake yenyewe: wanga hulainika, sukari zile zinazojaza tumbo gesi hupungua, na vitamini C, ambayo kwenye choroko kavu ni kama haipo, huanza kutengenezwa.

Sasa matunda. Madini ya chuma yaliyo kwenye choroko mwili huyapokea kwa shida, lakini vitamini C huyafungulia njia. Gramu 100 za chungwa zina takriban miligramu 50, na machungwa ya Muheza tunayo jirani. (Usiyakatae kwa kuwa maganda ni ya kijani, usiku wetu wa joto ndio unaoyazuia kugeuka rangi, ndani yameiva.) Menya, katakata, changanya na choroko, kitunguu, hoho, giligilani na ndimu. Chumvi iwe ya mwisho, la sivyo bakuli litajaa maji. Chai ya rangi nayo isubiri kama saa moja, maana huzuia chuma kile kile.

Ila naomba hili lizingatiwe. Joto na unyevu unaoamsha choroko huamsha vijidudu pia. Mwaka 2011 nchini Ujerumani watu zaidi ya 50 walifariki kwa bakteria waliohusishwa na uwatu uliooteshwa, uwatu huu huu tuujuao. Kwa hiyo choroko zikiteleza au kunuka, tupa. Na kwa mjamzito, mtoto mdogo, mzee au mgonjwa, zichemshe choroko zake kwanza, zipoe, ndipo uchanganye na machungwa.