Kambi ya Baridi ya Wapiga Makasia: Maswali Kuhusu Chakula, Mbavu, Mgongo na Mapumziko

Majira ya baridi, mashindano makubwa ya makasia yakiwa yamesimama, timu nyingi za Ulaya huhamia kambini kwa wiki mbili au tatu. Nyingi hushuka kusini kutafuta maji yasiyoganda, kwa mfano mto Guadalquivir huko Seville, Hispania. Kazi huko ni kukusanya kilomita. Majibu haya yanamlenga mchezaji anayeingia kambi ya namna hiyo kwa mara ya kwanza, pamoja na wanaomhudumia.

Siku moja kambini inakwendaje?

Saa 12 asubuhi mchezaji ameshaamka. Kabla hajashuka kitandani anahesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Kisha anakwenda chooni, anaangalia rangi ya mkojo na kupima uzito. Anakula kitu chepesi: vipande viwili vya mkate na jemu, ndizi moja, glasi ya maji. Saa 1:15 mashua iko majini, na itakaa huko dakika 90 hivi, kilomita 16 hadi 20 kutegemea aina ya mashua. Saa 3:15 ndipo kifungua kinywa chenyewe. Saa 5 kuna zoezi la pili, vyuma au mashine ya makasia. Mchana analala kidogo, saa 10 jioni anarudi kwa zoezi la tatu, na saa 3:30 usiku taa zimezimwa. Kwa wiki hufika kilomita 150 hadi 200, ukijumlisha maji na mashine.

Muda wa katikati nao una kazi zake: kufua nguo zilizolowa, kukausha soksi, kupanga foleni kwa tabibu wa viungo. Mgeni huumalizia kwenye simu, kajikunja kitandani, halafu jioni anashangaa kiuno kinakaza.

Mbona mazoezi mengi ni ya polepole?

Kwa sababu ndiyo yanayoweza kurudiwa kesho na keshokutwa. Sehemu kubwa ya kilomita hizo hupigwa kwa mapigo 18 hadi 20 ya kasia kwa dakika, laktati ya damu (kemikali inayoongezeka kadiri kazi inavyokuwa ngumu) ikibaki chini ya milimoli 2 kwa lita. Kama huna kipimo, tumia mdomo wako: ukishindwa kutamka sentensi nzima bila kuikatiza ili uvute pumzi, umepita kiwango. Kosa la kawaida ni kufukuzana na mwenzako wa mashua ya jirani. Siku hiyo hutaona ubaya wowote. Utauona siku ya nne, zoezi gumu lililopangwa likifika na miguu haina kitu.

Nile kiasi gani?

Kuliko unavyodhani, na hapa ndipo kambi nyingi huharibika. Kwa saa tatu au nne za mazoezi kwa siku, lenga gramu 8 za wanga kwa kila kilo ya uzito wako; siku nzito zaidi inaweza kufika gramu 10. Mtu wa kilo 90 anahitaji basi gramu 720 za wanga, mbali na protini ya gramu 1.6 hadi 2 kwa kilo. Hesabu hiyo haitimii kwa milo mitatu. Gawa iwe milo mitatu mikubwa na midogo mitatu.

Kifungua kinywa baada ya zoezi la kwanza kinaweza kuwa hivi: gramu 100 za shayiri kavu zilizopikwa uji kwa nusu lita ya maziwa, ndizi mbili, vipande vinne vya mkate na vijiko viwili vya jemu, mayai matatu. Hapo umepata karibu gramu 220 za wanga na gramu 60 za protini. Kaa mezani ndani ya nusu saa baada ya kutoka majini, maana zoezi la pili liko karibu na misuli inajaza akiba yake haraka zaidi mara tu baada ya kazi.

Kuhusu maji, baridi hudanganya: kiu hupungua na mkojo huongezeka. Jipime kabla na baada ya zoezi. Kila kilo iliyopungua ilipiwe kwa lita 1.25 hadi 1.5, kidogo kidogo, na chumvi kwenye chakula.

Nitajuaje kwamba sili vya kutosha? Uzito wangu haujashuka.

Uzito si shahidi wa kutegemewa. Mwili unaokosa nishati huanza kwa kubana matumizi mahali pengine: homoni, mifupa, kinga. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina linaloweza kuelezwa kama upungufu wa nishati katika michezo.

Chukua mwanamke wa kilo 75 ambaye kilo 60 kati ya hizo ni mwili usio mafuta, na mazoezi yake yanateketeza kalori 2,000 kwa siku. Ili mwili uendeshe shughuli zake vizuri anahitaji takriban kalori 45 kwa kila kilo ya hizo 60, yaani 2,700, juu ya zile 2,000. Jumla 4,700. Akila 3,800 atabaki na kalori 30 kwa kilo, kiwango ambacho chini yake matatizo huwa ya kutarajiwa. Tofauti ni kalori 900 tu, na ni rahisi kuikosa bila kukusudia, kwa sababu uchovu wenyewe huua hamu ya kula.

Dalili: hedhi kupotea au kuchelewachelewa, hamu ya tendo la ndoa kufifia kwa wanaume na wanawake, kuhisi baridi wakati wenzako wako sawa, usingizi wa kukatika, mafua yasiyoisha, hasira za bure. Hedhi ikikosekana miezi mitatu mfululizo, daktari amwone. Kuichukulia kuwa alama ya mazoezi mazuri ni ujinga wa zamani.

Ubavu unauma nikikohoa. Ni misuli tu?

Huenda, lakini usianzie hapo. Jeraha la mkazo kwenye ubavu ni miongoni mwa majeraha yanayowapotezea wapiga makasia muda mwingi zaidi, na mara nyingi hukamata mbavu kati ya wa 5 na wa 9, ubavuni kuelekea mbele au nyuma. Huanza kama mkakamao usioeleweka. Baada ya siku chache maumivu yanakuwa mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole. Yanachoma ukigeuka kitandani, ukipiga chafya, au ukijisukuma kwa mikono kuinuka kwenye kiti.

Mfupa hujijenga upya taratibu kuliko misuli inavyopata nguvu. Ukiongeza kilomita ghafla, au ukihamia mashine kwa wiki nzima kwa sababu maji yameganda, kila kuvuta huukunja ubavu kidogo kabla ya madhara ya jana kupona. Mwenye upungufu wa nishati huvunjika mapema zaidi.

Acha kupiga makasia siku hiyo hiyo. Picha ya kawaida ya eksirei mara nyingi haionyeshi kitu mwanzoni, kwa hiyo picha safi isikurudishe kwenye mashua. Daktari anaweza kuagiza kipimo cha MRI. Kupona huchukua wiki nne hadi sita kwa kawaida. Baiskeli isiyotembea ni ruhusa ikiwa haiumi. Aliyesema siku ya kwanza hupoteza muda mfupi zaidi. Aliyeficha hadi kambi iishe mara nyingi hupoteza msimu wa mwanzo wa mashindano.

Na mgongo?

Ndiyo sehemu inayoumia zaidi katika mchezo huu. Fanya hesabu: dakika 90 kwa mapigo 20 ni mara 1,800 kiuno kinabeba mzigo, na hilo ni zoezi moja. Mwanzoni mtu hukunja kwenye nyonga. Nyama za makalio zikichoka, anaanza kufikia mbele kwa kukunja kiuno, bila kujua.

Usikae kwenye mashine zaidi ya dakika 30 mfululizo. Vunja zoezi la dakika 75 liwe vipande vya 20 hadi 25, na kila kipande ushuke, usimame, utembee dakika mbili. Kisha angalia ukinzani kwenye skrini: wachezaji wengi wa kiwango cha juu hufanya kazi kati ya 110 na 140. Namba ya mkono wa pembeni wa mashine (wenzo unaopunguza au kuongeza hewa inayoingia kwenye feni), 1 hadi 10, haitoshi, kwani feni yenye vumbi hutoa ukinzani tofauti na feni safi kwa namba ileile. Kuuweka wenzo huo kwenye 10 ili kuonyesha ubabe ni njia ya mkato ya kwenda kwa tabibu. Asubuhi, diski za uti wa mgongo zimevimba maji ya usiku. Tembea na ujinyooshe taratibu, usianze kwa kuinama kugusa vidole.

Maumivu yanayoshuka mguuni, ganzi, au mkojo kugoma ni ya hospitali, siku hiyo hiyo.

Malengelenge ya mikono?

Osha kwa sabuni. Kama lengelenge limejaa na linauma, toboa pembeni kwa sindano safi isiyo na vijidudu, kamua maji, acha ngozi ya juu ibaki kama kifuniko, funika. Sugu zilizoinuka zisugue ziwe bapa, usizikate kwa wembe. Mishikio ya mashine inayoshikwa na watu kumi ifutwe kwa dawa kila zamu. Wekundu unaopanda kiganjani au homa si malengelenge tena.

Nikipinduka kwenye maji baridi?

Dakika ya kwanza usipambane na chochote: shika mashua, uso nje ya maji, subiri pumzi itulie, maana ule mhemo wa ghafla ndio unaozamisha watu. Baada ya hapo una takriban dakika 10 ambazo vidole bado vinatii. Zitumie kujikokota juu ya mashua ili kifua kitoke majini. Usiogelee kwenda ufukweni hata pakionekana karibu. Boti ya kocha inakufuata.

Ni lini niruke zoezi?

Mapigo ya moyo ya asubuhi yakizidi kawaida yako kwa 7 hadi 10, siku mbili mfululizo, na usingizi ulikuwa mbovu, mwambie kocha kabla ya kile chakula chepesi cha alfajiri, si ukiwa tayari gatini. Mafua ya puani bila homa: zoezi jepesi, chupa yako peke yako, na ikiwezekana chumba chako. Homa, kifua kubana au maumivu ya mwili mzima: hakuna zoezi, hata la baiskeli, hadi homa iwe imeondoka saa 24 bila msaada wa dawa. Siku ya kwanza ya kurudi ni dakika 30 au 40 za polepole, kisha pima tena mapigo asubuhi inayofuata. Yakiwa yamerudi mahali pake, ongeza. Yakiwa bado juu, rudi kitandani.