Almasi halisi huvunjika kwa nyundo

Ule ujumbe unaozunguka kwenye magrupu kwamba almasi halisi haipasuki hata ukiigonga kwa nyundo si kweli. Tafadhali usiusambaze, maana anayeujaribu anaweza kubaki na vumbi.

Kinachochanganya ni kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kinachoipa almasi 10, namba ya juu kabisa. Namba hiyo hupima kukwaruzika, si kuvunjika. Msumari wa kawaida hukwaruza waya wa shaba lakini si chupa. Sasa chukua nyundo: waya unabapa tu, chupa, sote tunajua. Almasi nayo ina mielekeo minne ya kupasukia, na wakataji vito huitumia.

Hata kukwaruza kioo hakuthibitishi kitu. Kwatsi, madini ya kawaida yenye namba 7, hukikwaruza pia. Jiwe lako mpelekee mtaalamu wa vito.