Chuo cha serikali au chuo cha Kikristo? Kusomea uhasibu mtandaoni ukiwa Marekani

Mwezi uliopita mpwa wangu, anayefanya kazi za usiku katika ghala la mizigo hapa Columbus, Ohio, alikuja na karatasi mbili akazitandaza mezani. Moja ilikuwa mpango wa masomo ya shahada ya uhasibu wa chuo kikuu cha umma cha jimbo letu. Nyingine ilitoka chuo kikuu cha Kikristo cha jimbo jingine, na zote mbili zilikuwa za kusoma mtandaoni mwanzo hadi mwisho. "Mjomba," akaniuliza, "hapa niende wapi?" Mimi ni mhasibu mwenye leseni ya CPA (leseni ya serikali ya jimbo ya mhasibu wa umma), na swali hili huulizwa na Watanzania, Wakenya na Wakongo wanaoishi huku kila muhula mpya unapokaribia, kwa hiyo nimeona nilijibu kwa maandishi.

Jibu langu huanzia mwishoni, kwenye leseni. Leseni ya CPA haitolewi na chuo bali na bodi ya uhasibu ya jimbo, na bodi haijali kama chuo chako ni cha serikali au cha kanisa. Inachotaka kujua ni kama chuo kina ithibati inayotambulika, yaani kibali cha ubora kutoka taasisi inayokagua vyuo, na umepata krediti ngapi (vipimo vya kiasi cha masomo uliyofaulu) katika masomo gani. Ohio hutaka krediti 30 za uhasibu na 24 za masomo mengine ya biashara. Kwa miaka mingi ilidai pia jumla ya krediti 150, yaani kiasi cha mwaka mmoja zaidi ya shahada ya kwanza yenye krediti 120, lakini sheria iliyotiwa saini Januari 2025 ilifungua njia nyingine kuanzia Januari 2026: shahada ya kwanza pamoja na uzoefu wa kazi wa miaka miwili. Kila jimbo lina kanuni zake, na hizo ndizo za kusomwa kabla ya kusoma tangazo la chuo chochote.

Kuhusu ithibati nazungumza kwa uchungu. Nilipofika nchi hii nilisoma karibu mwaka mzima katika chuo kimoja cha mtandaoni ambacho ithibati yake haikuwa ile inayokubaliwa na vyuo vikuu vingi, na nilipotaka kuhama niliambiwa kwamba krediti zangu 18 hazihamishiki hata moja. Ada ilikuwa imekwisha kulipwa. Tangu siku hiyo, mtu akinitajia chuo, nauliza kwanza kinatambuliwa na nani. Jambo la kutia moyo ni kwamba ithibati haifuati mstari wa serikali na dini: Chuo Kikuu cha Alabama kilichoko Birmingham, ambacho ni cha umma, na Liberty University ya Lynchburg, Virginia, ambayo ni ya Kikristo, vyote viwili hufundisha uhasibu mtandaoni na vyote vina ithibati ya taasisi moja, SACSCOC, inayokagua vyuo vya majimbo ya kusini. Vinatofautiana katika ithibati ya ziada ya masomo ya biashara, kwani cha kwanza kina ile ya AACSB na cha pili kina ile ya ACBSP, taasisi mbili tofauti zinazokagua shule za biashara. AACSB ndiyo yenye heshima kubwa zaidi miongoni mwa waajiri wakubwa na katika shule za uzamili, ingawa kwa anayetaka kazi katika ofisi ya kawaida ya hesabu tofauti hiyo haina uzito mkubwa.

Kwenye fedha, watu wengi hulinganisha bei ya krediti moja na kuishia hapo. Chuo cha umma huwatoza wakazi wa jimbo ada ndogo na mara nyingi huwatoza zaidi wanaotoka nje, wakati chuo binafsi cha Kikristo hutoza wote sawa, na baadhi ya vyuo hivyo vina ada ya mtandaoni isiyotisha hata kidogo. Msaada wa serikali kuu wa Pell, unaotolewa bila kurudishwa kwa wanafunzi wenye kipato kidogo na ambao kwa mwaka wa masomo 2024–2025 ulifikia hadi dola 7,395, unatumika kote kuwili maadamu chuo kina ithibati na kimo katika mpango huo. Hesabu yenyewe iko kwenye krediti unazoingia nazo. Mpwa wangu alikuwa amemaliza karibu miaka miwili katika chuo cha jamii (chuo cha umma cha ngazi ya chini ya shahada), na huku Ohio kuna utaratibu uitwao Ohio Transfer 36 unaolinda krediti za masomo ya msingi mwanafunzi anapohama kutoka chuo kimoja cha umma kwenda kingine. Chuo kile cha Kikristo kilikuwa na bei nafuu kwa kila krediti, lakini kilikuwa kinamrudisha nyuma karibu muhula mzima. Aliyesoma Mzumbe au Nairobi afanyiwe kwanza tathmini ya vyeti vyake, kwa sababu shahada ya miaka mitatu si lazima ihesabiwe sawa na ya hapa.

Kasi ya masomo ndiyo inayowaangusha wengi, na sioni ikizungumzwa vya kutosha. Vyuo vingi vya mtandaoni, na Liberty ni kimojawapo, hugawa masomo katika vipindi vya wiki nane. Vya umma navyo vinaelekea huko, ingawa vingi bado vina muhula wa wiki 15. Somo la historia linavumilika kwa wiki nane. Uhasibu wa Kati, somo zito linalofuata baada ya misingi ya uhasibu, hauvumiliki, angalau kwa mtu anayetoka kazini saa kumi na mbili asubuhi. Nilimpa mpwa wangu swali dogo: kampuni imekodi mtambo kwa miaka mitatu, italipa dola 10,000 kila mwisho wa mwaka, na riba ni asilimia 6, deni la kuandika vitabuni siku ya kwanza ni kiasi gani? Aliandika 30,000. Jibu ni 26,730, yaani thamani ya leo ya malipo hayo matatu baada ya kuondoa riba, na katika malipo ya kwanza dola 1,604 ni riba na zinazobaki ndizo zinazopunguza deni. Alilielewa baada ya kulirudia mara nne kwa siku tatu. Katika kozi ya wiki nane, siku hizo tatu darasa lingekuwa limeshafika kwenye hatifungani, na sehemu ya mtihani wa CPA iitwayo FAR, inayohusu taarifa za fedha, huuliza mambo haya haya, na alama ya kufaulu ni 75.

Imani siichukulii kama jambo dogo. Nimelelewa katika Kanisa la Kilutheri na ninaamini mhasibu anahitaji dhamiri kabla ya kikokotoo. Chuo cha Kikristo kitakutaka usome kozi kadhaa za Biblia au mtazamo wa Kikristo, na vipo vinavyomtaka mwanafunzi atie saini kanuni za maisha, ambazo Mwislamu au Mkatoliki anapaswa kuzisoma neno kwa neno kabla hajakubali. Krediti za kozi hizo huingia katika jumla ya 120 au 150, ila hazihesabiwi katika zile 30 za uhasibu. Ukiwa unazitamani, umepata faida. Ukizichukua kwa sababu tu mpango unazidai, unazilipia bei ile ile ya somo la kodi.

Kwa anayefanya kazi na kulea familia, mimi humshauri aanze na chuo cha umma cha jimbo lake, na aende chuo cha Kikristo ikiwa krediti zake zinapokelewa zote na mafunzo yale ya dini anayataka kwa moyo. Mpwa wangu amechagua cha umma. Kabla ya kujiandikisha alituma orodha ya kozi zote kwa bodi ya Ohio akiuliza zipi zitahesabiwa, na barua ya majibu ameichapisha na kuihifadhi pamoja na vyeti vyake. Muhula huu anasoma Uhasibu wa Kati peke yake, wiki 15.