Saa 9 za usukani si saa 9 za kazi

Wengi huamini kwamba dereva wa lori wa masafa marefu Ulaya hufanya kazi saa 9 tu kwa siku, kisha anapumzika. Si hivyo.

Saa 9 ni kikomo cha kuendesha. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 inaruhusu hata saa 10, mara mbili kwa wiki, na inadai mapumziko ya dakika 45 baada ya saa 4 na nusu za usukani. Lakini kupakia, kukagua gari na kusubiri ghalani havihesabiwi kuwa kuendesha. Kinachobana siku nzima ni pumziko la saa 11, ambalo linaweza kupunguzwa hadi 9. Toa 9 kwenye 24: zinabaki saa 15 ambazo dereva anaweza kuwa kazini au akingoja kazi. Na takografu, kifaa kinachorekodi mwendo wa gari, hutegemea dereva mwenyewe abonyeze kitufe sahihi anapofanya kazi nyingine. Akishinikizwa na bosi kuandika kupakia kuwa mapumziko, jasho lake halionekani popote.

Pumziko kamili la wiki, saa 45, haliruhusiwi kuchukuliwa ndani ya lori. Mwajiri ndiye anayelipia malazi. Hata hivyo, mwaka 2023 madereva, wengi kutoka Georgia na Uzbekistan, waligoma Gräfenhausen, Ujerumani, wakidai mishahara. Walikuwa wakiishi ndani ya malori yao.